UZI: Kulalamika Tumeruhusiwa Tangu Zamani. Kujibiwa Je?

1/
Mjadala wa kaunti ukianza mtandaoni, kambi huwa mbili. Ya kwanza: "Ugatuzi umefeli, hizi kazi zirudishwe serikali kuu." Ya pili: "Shida ni wananchi, kazi yao ni kulalamika tu." Leo sitaji chama wala mwanasiasa. Nataka tufuate historia ya kitu kidogo: mkaazi akilalamika kuhusu taa, takataka au mtaro, nani anatakiwa kumjibu? Uzi ni mrefu, chukua chai.

2/
Nianze nyumbani. Mama yangu anauza mboga sokoni, kwa kaunti ambayo sitaitaja. Kando ya kibanda chake kuna mtaro ulioziba. Mvua ikinyesha, maji machafu yanaingia hadi kwa sukuma. Misimu miwili ya mvua amekuwa akilalamika.
Chifu: "Mama, hiyo ni ya kaunti."
Msimamizi wa wadi: "Hiyo mwambie MCA."
MCA, kwa grupu ya WhatsApp: "Nimeona, nitafuatilia."
Na mchana huohuo, mkusanya ushuru amefika na kitabu chake cha risiti. Huyo hajawahi kupotea njia.

3/
Nilidhani hiyo ni shida ya kaunti yetu. Halafu nikasoma historia ya serikali za mitaa Kenya kwa sababu ya tamu pepa, na nikaona mama anazungushwa kwenye mzunguko ulioanza kabla nyanya yake azaliwe. Tuupitie polepole.

4/
Kwanza, maneno. "Baraza" kwa nyumba za Waswahili pwani ni lile benchi la mawe nje ya mlango. Unakaa pale, jirani anakaa pale, mnaongea mkiwa kimo kimoja. "Shauri" ni jambo la kujadiliana na kutafuta njia. Wakoloni walichukua maneno yote mawili. Baraza likawa mkutano ambapo mmoja anakaa kwa kiti na wengine wanakaa chini kwa nyasi. Na shauri? Leo ukimwambia mtu "shauri yako", unamaanisha sijali, utajijua. Hapo katikati kuna historia nzima.

5/
1902: sheria ya wazee wa vijiji, yaani mahedimani, inapitishwa. 1912 inakuja sheria pana zaidi ya mamlaka ya wenyeji. Ndiyo msingi wa machifu tunaowajua. Angalia kazi walizopewa: kutunza usalama, kuhakikisha barabara zinalimwa, kusaidia kodi ya nyumba ikusanywe, kupeleka amri za DC kijijini. Chifu hakuchaguliwa na watu wake, na mshahara wake ulitoka juu. Mambo yakiharibika, aliulizwa na DC, sio na mwanakijiji.

6/
Hii haimaanishi malalamiko yalipigwa marufuku. Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Ungeweza kupeleka shauri lako kwa chifu, na usiporidhika uende kwa DC. Wengi walienda, na wengine walisaidiwa kweli. Lakini msaada ulitegemea roho ya bwana mkubwa siku hiyo. Akikataa kukujibu, hakuna mahali ulikuwa umeonewa kisheria. Uliomba, hukupewa, basi.

7/
1921 watu wa Nairobi walilalamika kwa mpangilio: kipande, kodi, mishahara kupunguzwa. Walituma simu ya maandishi hadi London. Machi 1922 kiongozi wao akakamatwa, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi, na polisi wakafyatua risasi. Watu waliuawa. Miaka miwili baadaye, 1924, serikali ya kikoloni ikarekebisha sheria kuruhusu Mabaraza ya Wenyeji ya wilaya. Sehemu ya hesabu yao ilikuwa wazi: malalamiko yapite kwenye mlango tunaoushika sisi.

8/
Mwenyekiti wa kila baraza? DC mwenyewe. Wajumbe wengine walichaguliwa, wengine wakateuliwa. Lakini wananchi wakalitumia baraza kuliko ilivyotarajiwa. Walikubali kujitoza ushuru wao wenyewe juu ya kodi ya serikali, hasa kwa sababu ya elimu. Shule za Kagumo, Kakamega na Kisii za miaka ya 1930 zilisimama kwa mchango mkubwa wa pesa za mabaraza haya.
Weka hilo akilini. Pesa na uamuzi vilipokaa karibu na watu, hata chini ya mkoloni, kuna kitu kilijengwa.

9/
Mfano wa kinyume ni Tume ya Ardhi ya 1932. Ilizunguka nchi ikichukua ushahidi. Watu walisema, waliandika, walileta wazee wa kukumbuka mipaka. Ushahidi ulichapishwa kwa majuzuu matatu mazito. Ripoti ya 1934 ikaja kuthibitisha Nyanda za Juu za Wazungu. Madai yenu tumeyasikia, tumeyachapa vizuri, na tumeyafunga.
Yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha "maoni ya wananchi" siku hizi, halafu akakuta uamuzi ulishafanywa, anaijua hiyo hisia.

10/
Sasa uhuru. 1963 tunaingia na katiba ya majimbo, na serikali za mitaa zina kazi za maana: shule za msingi, afya, barabara za vijijini. Kaunti kansol ndizo zilikuwa zinaajiri wahudumu wa zahanati na kulipa walimu. Diwani wako akikutana nawe sokoni, ungemuuliza mbona zahanati haina dawa, na hilo swali lilikuwa limefika mahali pake.
Majimbo yalivunjwa mapema, ndani ya mwaka mmoja. Kansol zikabaki. Kwa muda.

11/
1969 ndio mwaka ambao ningependa kila mtu anayebishana kuhusu ugatuzi aujue. Sheria ya Kuhamisha Kazi ilipitishwa. Elimu ya msingi, afya na barabara zikatolewa kwa kaunti kansol zikaenda serikali kuu. Manispaa kubwa ziliachiwa, kansol za mashambani zikapokonywa. Miaka michache baadaye, kodi ya kila mtu mzima iliyokuwa inazilisha ikafutwa pia.
Sababu iliyotolewa haikuwa uongo mtupu: kansol nyingi zilikuwa na madeni na usimamizi mbovu. Lakini angalia dawa iliyochaguliwa.

12/
Diwani hakufutwa. Uchaguzi wake haukufutwa. Kilichofutwa ni uwezo wake wa kufanya chochote kuhusu ulichomlalamikia. Umebaki na mtu uliyempigia kura ambaye hana pesa, na DC mwenye pesa na gari ambaye hukumpigia kura. Anayepaswa kukujibu hana cha kukupa, na mwenye cha kukupa halazimiki kukujibu.
Ukiniuliza, hiyo ndiyo sentensi ya muhimu kwa uzi wote. Mengine ni marudio yake.

13/
Kuna kitu kingine kidogo cha miaka hiyo. Tume ya Ndegwa, iliyochunguza utumishi wa umma, ilitoa ripoti 1971. Inakumbukwa kwa kuruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara. Kile hakikumbukwi: ilipendekeza pia ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, yaani Ombudsman. Pendekezo la biashara likachukuliwa. La malalamiko likaachwa. Kamati ya malalamiko ya umma ilikuja kuundwa 2007. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

14/
Watu hawakukaa tu. Kama hakuna wa kujibu, wakajijibu: harambee. Shule, zahanati, josho la ng'ombe. Tunaisifu harambee, na inastahili. Lakini ilitufundisha pia tabia fulani: huduma ni mchango, na mchango mkubwa huletwa na mheshimiwa na bahasha yake. Mtu akishakuletea bahasha, utamuuliza maswali kweli? Utapiga makofi.

15/
1983, mambo mawili mwaka mmoja. Moja, mpango wa kuelekeza maendeleo wilayani unaanza. Ulisikika kama kugatua, lakini kamati ya maendeleo ya wilaya iliongozwa na DC. Mbili, Baraza la Jiji la Nairobi linavunjwa, na tume ya kuteuliwa inaendesha mji. Ilikusudiwa kuwa ya muda. Nairobi haikuwa na madiwani wa kuchaguliwa mpaka baada ya uchaguzi wa 1992. Karibu miaka 10, mkaazi wa mji mkuu hakuwa na diwani hata wa kumnyima kura.

16/
Ndipo "kanjo" tunalolijua lilipokomaa. Neno lenyewe ni "kansol" lililopita mdomoni mwa watu. Lilipaswa kumaanisha baraza la wawakilishi wetu. Lakini uliza mtoto yeyote wa mtaani kanjo ni nini: ni askari anayemkimbiza hoka na kubeba bidhaa zake kwa gari. Lugha haidanganyi. Serikali ya mtaa tuliijua kwa mkono uliokuja kuchukua, kwa hivyo ndio mkono tuliobatiza jina.

17/
Marekebisho yalianza taratibu. 1997 sheria ya machifu ilipunguzwa makali, ikiwemo mamlaka ya kulazimisha watu kufanya kazi za jumla. Sheria ya 1998 ikaanzisha hazina ya kupelekea kansol asilimia 5 ya kodi ya mapato. 2001 kansol zikatakiwa kukaa na wakaazi kupanga miradi kabla ya kupata sehemu ya hizo pesa. 2003 hazina ya maeneobunge ikaja, na mbunge naye akawa mjenzi wa madarasa.
Sasa kulikuwa na milango mingi. Chifu, DC, diwani, mbunge. Kila mlango una mtu wa kukuonyesha mlango wa pili.

18/
Katiba ya 2010, na uchaguzi wa Machi 2013. Serikali za mitaa 175 zinakufa, kaunti 47 zinazaliwa. Jedwali la Nne linagawa kazi: taa za barabarani, masoko, takataka, zahanati, barabara za kaunti na chekechea ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu ni za serikali kuu.
Lakini utawala wa mkoa haukufa. Katiba ilisema upangwe upya ndani ya miaka mitano ili uheshimu ugatuzi. Chifu yupo mpaka leo, chini ya serikali kuu. Ndio maana mama yangu ana chifu na msimamizi wa wadi, na mtaro mmoja.

19/
Sasa sehemu ambayo husikii kwa mikutano ya siasa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88: mwananchi ana haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, kwa maandishi. Kifungu cha 89: mamlaka za kaunti zina WAJIBU wa kujibu, na kujibu kwa haraka.
Soma tena. Wajibu wa kujibu. Tangu 1902 tumekuwa na ruhusa ya kusema. Hii ni mara ya kwanza jibu lenyewe kuwa deni.

20/
Na mahakama zimeonyesha haya si mapambo. 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikashikilia uamuzi huo. Sheria nzima ya ushuru ilianguka kwa kuwa watu hawakupewa nafasi ya kweli. Jilinganishe na yule mzee wa 1932 na ushahidi wake ndani ya juzuu.

21/
Kasoro ipo, tuseme ukweli. Kifungu cha 89 kinasema "haraka" bila kutaja siku. Haraka ya ofisi zetu tunaijua. Lakini kuna sheria nyingine, ya Kupata Habari ya 2016. Ukiomba habari kwa ofisi ya umma, inatakiwa kuamua ombi lako ndani ya siku 21. Kama inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakikaa kimya, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaiita Ombudsman.
Kwa hivyo lalamiko likigeuzwa kuwa swali, linapata tarehe ya mwisho.

22/
Badala ya "tunaomba mtusaidie mtaro", nilimwandikia mama barua ya kurasa moja na nusu. Lalamiko liko juu, na kifungu cha 88 na 89 vimetajwa. Chini maswali matatu: Mtaro huu uko chini ya nani? Bajeti ya kusafisha mitaro ya soko mwaka huu ni ngapi? Kazi amepewa nani? Nikaambatisha nakala za risiti zake za ushuru.
Nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo. Bila muhuri, hukuandika.

23/
Karani aliisoma akamuuliza, "Mama, kwani unatushtaki?" Mama akajibu, "Hapana mwanangu, nauliza tu." Akapigiwa muhuri.
Baada ya wiki tano, jibu likaja. Ndio, zaidi ya siku 21. Lilisema mtaro wa ndani ya soko ni wa kaunti na utasafishwa. Ule wa kando ya barabara ni wa shirika la barabara la serikali kuu. Swali la bajeti halikuguswa.
Wa ndani umesafishwa. Wa nje bado. Maji yanaingia kidogo kuliko zamani, lakini yanaingia.

24/
Najua mtasema hiyo sio ushindi. Ni sawa. Lakini kwa misimu miwili kila mtu alimwambia mama mtaro ni wa mtu mwingine, na hakuna aliyeandika. Sasa iko karatasi yenye sahihi inayosema upi ni wa nani. Barua ya pili tayari imeenda kwa hilo shirika, na haina mahali pa kusema "hiyo ni ya kaunti", manake kaunti yenyewe imekana kwa maandishi.
Ile barua ya jibu mama ameiweka kwa mfuko wa plastiki, pamoja na risiti zake.

25/
Turudi kwa zile kambi mbili.
Kwa wanaotaka kazi zirudi serikali kuu: tulishafanya hivyo 1969. Kansol dhaifu hazikupona, na wa kuulizwa akahama mbali zaidi. Najua chifu alikuwa anamaliza mambo haraka. Lakini alimaliza ya aliyetaka, kama hisani. Na ukweli mwingine: kaunti zikicheleweshewa pesa kutoka Hazina ya Kitaifa, tunarudia mchezo uleule wa kumwachia mtu lawama bila uwezo.

26/
Kwa wanaosema wananchi wanalalamika tu: kulalamika ndiko kulituletea hata hayo mabaraza ya 1924. Shida yetu sio kulalamika sana, ni kulalamikia mahali ambapo hakuna anayedaiwa jibu. Grupu ya WhatsApp haina muhuri. Na MCA kisheria kazi yake ni kutunga sheria, kuwakilisha na kusimamia watendaji wa kaunti, hana trakta ya kuzibua mtaro. "Nimeona" yake inaweza kuwa ya kweli kabisa. Mwambie aulize swali bungeni, hiyo ndiyo trakta yake.

27/
Kwa hivyo mgombea yeyote akija kwenu na ahadi, haijalishi rangi ya fulana, usimuulize tu atajenga nini. Muulize: ofisi yako itajibu barua ndani ya siku ngapi? Nani atatia sahihi? Sajili ya malalamiko itabandikwa wapi tuione? Kujenga anaweza kusema pesa haikuja. Kujibu barua kunahitaji karatasi na kalamu.

28/
Mwisho. Najua wengine mliruka kutoka 5 hadi 19 😅
Niambieni chini: mara ya mwisho ofisi ya umma kukujibu kwa MAANDISHI ilikuwa lini, na ilikuwa kuhusu nini? Kama haijawahi, je, uliwahi kuandika ukapigiwa muhuri? Nitasoma zote. Za mtaro wa barabarani nitawaletea mvua ijayo.